Kidato cha Saba cha Fundi Nyangwine Nyamhanga

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na mdogo wa marehemu, Nchagwa Nyamhanga, nyumbani Matongo, Ijumaa tarehe 11 Julai 2025

Wachungaji, viongozi wa serikali, majirani na wafiwa wenzangu, poleni. Wazee wetu, shikamooni.

Elia, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa amekwisha kuandika wasifu wa baba yake kwa ukurasa mmoja, akaupeleka mjini kuchapishwa. Nikaurudisha. Nilimwambia, baba yako alijenga ghorofa, wewe unamjengea banda la kuku? Akacheka huku analia, akasema, "Basi baba mdogo, andika wewe." Nimeandika. Lakini mjue mapema kwamba aliyeandika ni mtu mwenye wivu. Nimemwonea kaka yangu wivu tangu nilipopata akili, na sioni kwa nini leo, mbele ya jeneza lake, nijifanye sikuwa nao.

Marehemu Nyangwine Nyamhanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa Matongo, mtoto wa kwanza wa mzee Nyamhanga na mama yetu Wegesa. Akafuata dada yetu Gati, kisha mimi mwaka 1956. Kaka alinitangulia miaka minne, na hiyo miaka minne sikuwahi kuifidia. Tulilelewa zaidi na bibi yetu Waisiko, mama mzazi wa baba, ambaye wazee waliopo hapa wanamkumbuka. Bibi alikuwa na jambo moja: hakutamka saba. Kwa Kikurya saba ni muhungate, na neno hilo halikutoka kinywani mwake hata siku moja. Kwake lilikuwa la mkosi. Akihesabu ndama alisema, "Sita, na mwingine, nane." Kuku wakitaga mayai saba, hakuyaweka ndani yalale. Alichukua moja akalichemsha, akasema, "Mura, njoo ule hili, linaniharibia hesabu." Na mura, yaani mvulana, aliyeitwa alikuwa Nyangwine kila mara, kwa sababu ndiye mkubwa. Mimi nilikaa pembeni nikitazama anavyomenya. Nilikuwa na miaka kumi nilipogundua kwamba alikuwa anahamisha yai kutoka kiota kimoja kwenda kingine ili yafike saba. Nilitaka kumsemea kwa bibi. Akanimegea nusu, nikanyamaza.

Marehemu alianza shule mwaka 1961 na kumaliza darasa la saba mwaka 1967. Bibi aliwaambia majirani, "Amemaliza la sita, akaongeza." Mimi niliishia darasa la nne. Ng'ombe walihitaji mtu wa kuwachunga, na mtu huyo hakuwa Nyangwine. Mwaka 1968 akapelekwa Musoma kusomea uashi, miaka miwili. Alirudi na mwiko, pimamaji, na timazi la shaba la kupimia wima wa ukuta, lililong'aa kama limepakwa mafuta. Lile timazi nililitamani kuliko ng'ombe. Alinifundisha kazi mwenyewe, kozi kwa kozi ya matofali, kwenye nyumba ya mama yetu, na hilo nalo liliniudhi, maana tangu siku hiyo kila ninachokijua kimepitia mkononi mwake.

Alianza kufanya kazi za serikali mwaka 1971. Alijenga zahanati na nyumba za walimu Tarime na Serengeti. Kule Robanda alijenga darasa ambalo tembo walikuja kulisukuma usiku mmoja. Ukuta uliinama, haukuanguka. Watu wa kule walikuwa wakimpeleka mgeni aone ule ukuta. Hakuna tembo aliyewahi kusukuma ukuta wangu.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na shemeji yangu Mokami, huyu aliyekaa hapa mbele. Mnaifahamu mila yetu: ng'ombe wanaotoka kwa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka. Sisi tulikuwa na dada mmoja tu. Ng'ombe wa Gati walipofika, baba hakuniuliza. Walipita mbele ya macho yangu, wakaenda kumleta Mokami. Shemeji, unisamehe. Sikukuonea wivu wewe, niliwaonea ng'ombe. Mimi nilisubiri hadi Februari 1985, nikiwa na miaka ishirini na minane. Naomba mwezi huo muukumbuke, nitaurudia.

Sasa nilizungumzie lile jengo, kwa kuwa huwezi kumzungumzia Nyangwine ukaliacha.

Mwaka 1981 serikali kuu iliamua kujenga jengo la idara zake Tarime mjini, ghorofa moja juu ya chini, na kaka akateuliwa kuwa kiongozi wa mafundi. Nyote mnalijua. Mmekwenda pale kwa mambo ya ardhi, ya kazi, ya sensa. Lakini huenda hamjawahi kulitazama, kwa kuwa mtu anayefuata karatasi haangalii ukuta. Msingi wake ni wa mawe ya kijivu yaliyopasuliwa kwenye vilima vyetu hivi kwa nyundo na moto, na kila jiwe limechongwa likamkubali mwenzake. Milango ni ya mninga. Sakafu ya ukumbi ni terazo iliyosuguliwa kwa mkono wiki sita. Ramani ilichorwa Dar es Salaam na mtu ambaye hajawahi kuonja baridi yetu ya mwezi huu. Alitaka upande mzima wa magharibi uwe wa matofali ya matundu ili upepo upite. Nyangwine alisimama pale siku ya kwanza, akanyoosha kidole hewani, akasema, "Huyu mchoraji anataka kuwakausha makarani kama samaki." Akaandika barua, akaruhusiwa kuziba nusu ya matundu. Ukitazama leo utaona safu moja imefumbwa, nyingine wazi, ukadhani ni urembo. Ni baridi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na mimi niliyeingia mle nikiwa na ndoo ya zege kichwani nawaambia, ile ni njema hadi ndani ya kuta.

Kwenye jiwe la msingi kuna jina la kiongozi aliyekuja asubuhi moja na koleo jipya, akamwaga zege kidogo, akapigwa picha. Jina la Nyangwine halipo popote. Lipo jina moja tu la fundi, ubavuni mwa ngazi, limechorwa kwa msumari zege likiwa bichi: N. NYAMHANGA 1984.

Ngazi hiyo nayo mnaijua, miguu yenu inaijua zaidi. Ukipanda kutoka ukumbini kwenda pale pa kupumzikia katikati, unapanda vidato sita vizuri, vinavyolingana kama meno ya mtoto. Kisha unainua mguu kwa kidato cha saba, na kidato hakipo pale mguu unapokitegemea. Kipo chini, kifupi, nusu ya wenzake. Na cha nane hivyo hivyo. Makarani wa zamani hawajikwai, wameshazoea. Anayejikwaa ni mgeni. Bosi mpya akiletwa, watu walikuwa wanajisogeza ukumbini wakijifanya wanasoma matangazo ili waone. Nchi nzima shule huishia kidato cha sita, lakini Tarime tuna cha saba, na wengi wamekifeli. Utani huo mmeucheka miaka arobaini.

Kidato hicho nilikijenga mimi.

Ilikuwa Agosti 1984. Saruji ilikuwa ngumu kupatikana kuliko mvua, na kaka alikwenda Sirari, mpakani, kuifuatilia. Aliniachia ngazi, na saruji ya mwisho iliyobaki stoo. Ramani ilisema vidato saba. Nikapanga mbao za zege kutoka chini, nikawa nahesabu kwa Kikurya kama tulivyofundishwa na bibi, na nilipofika juu ulimi ukakwama. Sita, na... Nikasimama. Nikawaza, mtu wa kwanza kupanda ngazi hii atakuwa Nyangwine, ndiye msimamizi. Bibi alikuwa bado hai, kule jikoni kwake, akitegemea kwamba hata asipokuwepo sisi tutakumbuka. Basi kile cha mwisho nikakigawa mara mbili. Sita, na mwingine, nane. Tukamwaga zege siku ile ile. Nilijua ni vifupi. Nikasema moyoni, mtu mzima anatazama anapokanyaga. Kisha nikachukua msumari nikaandika jina langu ubavuni, chini kidogo ya kidato cha nane, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefanya kitu ambacho Nyangwine hakukigusa.

Aliporudi, zege lilikuwa limekwisha kukamata. Alipanda polepole. Akashuka. Akahesabu kwa kidole.

"Nane?" akaniuliza.

"Nane, kaka."

Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Halafu akasema, "Bibi atafurahi." Saruji ya kubomoa na kujenga upya haikuwepo.

Jengo lilikabidhiwa Februari 1985, wiki ile ile niliyokuwa naoa. Kaka alikuja harusini Jumamosi jioni, akacheza, akala. Aliponipongeza aliniambia, "Ile kazi yangu ya mjini imeisha." Nikadhani amechoka. Hakurudi tena kwenye kazi za serikali. Alilima mahindi na mihogo hapa, akajengea watu majiko na vyoo. Timazi lake la shaba likawa linaning'inia ukutani. Mimi mwaka 1986 niliajiriwa kuwa fundi wa majengo ya serikali, na nikakaa kazini miaka thelathini, hadi nilipostaafu na pensheni yangu. Mngedhani wivu ungeniisha. Haukuisha. Kila aliyepanda ngazi ile na kuona lile jina alisema, "Fundi Nyangwine huyo!" Walimu walileta wanafunzi kutazama jengo, wakamwalika kaka awaeleze. Nilikuwepo siku moja, nimesimama nyuma. Mtoto mmoja akauliza, "Mzee, ni wewe uliandika jina hapa?" Kaka akatabasamu, akasema, "Jina la ukoo halina mwenyewe mmoja." Watoto wakapiga makofi. Mimi nikaondoka bila kuaga. Mwaka ule wa 2009 tulinuniana miezi minane. Ingekuwa saba, ningeongeza.

Kaka alianza kuugua kifua mwaka 2021. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi, saruji na mawe. Alitibiwa Tarime, akapelekwa Mwanza, akarudi akiwa mwepesi kama mtoto, na Mokami akamtunza kwa mikono yake bila kulalamika.

Februari mwaka huu alifika hapa Matongo Bibi Judith, ofisa kutoka serikalini, ambaye leo amekuja kuzika nasi na tunamshukuru. Alituambia kwamba jengo linakarabatiwa, ngazi itavunjwa na kupangwa upya, na historia ya jengo itaandikwa kwenye kibao cha shaba ukutani. "Tunatafuta N. Nyamhanga ni nani," alisema, "ili jina lake liwekwe." Wajukuu wakajibu kwa pamoja, "Ni babu!" Miaka arobaini na moja nimenyamaza, sasa wanaliandika kwenye shaba? Nikaona ni bora nife mimi kuliko kukubali.

Nikaenda kwa kaka kesho yake. Alikuwa amelala pale chini ya dirisha, kwenye jua. Sikumsalimia vizuri, na hilo linanichoma hadi leo. Nilimwambia, "Nataka useme mbele ya watu kwamba ile ngazi ni yangu. Lile jina ni langu. Umelivaa vya kutosha."

Akanitazama. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Mokami akaja akamwinua mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Mura, unaitaka kweli?"

"Naitaka."

"Pamoja na kidato cha saba?"

Nikasema, hicho nacho. Ndipo Mokami, aliyekuwa amemshika mgongo, akasema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mwambie basi. Mwambie kabla hujafa, nimechoka kuitunza siri hii."

Akaniambia. Siku ya kukabidhi jengo, mhandisi aliyekuja kukagua alikuwa anawapandisha wageni ghorofani huku amewageukia akieleza. Akafika kidato cha saba. Alianguka kwa magoti mbele ya watu, karatasi zikatawanyika hadi ukumbini. Akiwa amepiga magoti akiziokota, macho yake yakakutana na jina. Akainuka amebadilika rangi, akauliza, "Huyu N. Nyamhanga ni nani?"

"Nikasema ni mimi," kaka akaniambia. "Sikudanganya. Mimi ni N. Nyamhanga."

Akaambiwa pale pale asiguse tena mwiko kwenye kazi yoyote ya serikali. Akachukua timazi lake, akapanda gari, akaja harusini kwangu kucheza.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Ulikuwa unaoa Jumamosi. Ningemwacha bibi harusi aingie kwa mtu aliyefukuzwa kazi? Ng'ombe wa Gati nilikuwa nimekwisha kuwala mimi." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia baadaye, miaka yote ile nilipokuwa nikimnunia. Akafumba macho. "Ningekuambia, ungeacha kujivuna. Na wewe Nchagwa, bila kujivuna, hujui kunyoosha ukuta."

Ndugu waombolezaji, mimi nilikaa pale nikashindwa kulia. Kazi yangu ya miaka thelathini, pensheni yangu, bati la nyumba yangu, vyote vimesimama juu ya magoti ya yule mhandisi na mdomo wa kaka yangu. Na niseme ukweli, maana nimeahidi ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa shukrani. Kilikuwa wivu. Nilimwonea wivu kwamba aliweza. Mimi siku ile ningekuwa yeye, ningenyoosha kidole na kusema, ni huyu mdogo wangu, hayupo, ameenda kuoa. Shukrani ilikuja baadaye, njiani nikirudi nyumbani, nikakaa chini kwenye majani.

Tangu siku hiyo nilikuja kwake kila asubuhi. Nilimnyoa ndevu, tukabishana juu ya kozi za matofali, na alinishinda kama kawaida yake. Alifariki hapa nyumbani Jumatatu tarehe 7 Julai 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Mokami. Ilikuwa Sabasaba, ofisi zote zimefungwa, na lile jengo halikuwa na mtu wa kujikwaa. Tarehe saba, mwezi wa saba. Bibi Waisiko angemtafutia yai.

Jana nimelijenga kaburi lake mimi mwenyewe, sikumruhusu mtu. Nimetumia timazi lake la shaba, ambalo shemeji alinikabidhi akisema kaka ndivyo alivyotaka. Nimelipata, lile nililolitamani tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Sikujua kwamba ni zito vile.

Bibi Judith, uliniuliza tena juzi kwenye simu, nikakwambia jibu utalipata mazishini. Ni hili, naomba uliandike kama ninavyolisema. Jengo lile, msingi, kuta, milango, na yale matundu yaliyofumbwa kwa ajili ya baridi, ni kazi ya Nyangwine Nyamhanga. Kidato cha saba na cha nane ni kazi ya Nchagwa Nyamhanga, na ni kosa, na aliyelibeba si aliyelifanya. Kama kibao ni kidogo, punguza maneno yangu, usipunguze yake. Na siku ya kuvunja ile ngazi msiite mtu. Nitakuja na nyundo yangu.

Marehemu ameacha mke mmoja, Mokami. Watoto watatu, Elia, Scholastica na Emanuel. Dada mmoja, Gati. Wajukuu sita, na mwingine. Na mdogo wake, N. Nyamhanga.

Lala salama, kaka. Safari hii usibebe la mtu.